Mti wa Kupamba Boma Huchaguliwa Kabla ya Mvua

Maneno ya mazungumzo kwa wenye maboma na wakaao mijini, juu ya kuchagua miti na vichaka vya maua vya kupanda katika mvua za vuli



Kila mwaka, mwezi wa Oktoba unapoingia na mawingu kuanza kukusanyika, watu wengi wa Kenya hukumbuka habari ya miti. Wenye vitalu hupanga miche yao kando ya barabara, na mpita njia huvutwa na mche uliochanua ua jekundu au la manjano. Hutoa fedha zake, huuchukua, na jioni hiyo hiyo huupanda mahali popote palipo na nafasi, aghalabu karibu na dirisha au kando ya ukuta, apate kuutazama kila siku. Kazi hiyo yote haichukui nusu saa. Lakini mti ule utakaa pale miaka 40 au zaidi, na yamkini utakuwa ungali hai wakati aliyeupanda hayupo tena.

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Hiyo ni kweli kwa jembe, maana jembe baya hubadilishwa kwa siku moja. Mti mbaya hauondoki ila kwa shoka, kwa gharama, na mara nyingine kwa ugomvi na jirani. Kwa hiyo mpanda mti hana budi kuwa mchaguzi, na wakati wa kuchagua ni kabla ya mvua, wala si siku ya kupita mbele ya kitalu.

KWA NINI VULI

Neno vuli lina maana mbili katika Kiswahili. Kwa wakulima wa Afrika ya Mashariki ni mvua fupi, zinyeshazo tangu Oktoba hadi Desemba. Katika vitabu vinavyoeleza mambo ya Ulaya, ni majira yafuatayo joto la kule, tangu Septemba hadi Novemba, majani yanapogeuka rangi na kupukutika. Watunza bustani wa Uingereza hupenda sana kupanda miti na vichaka katika majira hayo, kwa kuwa udongo ungali na joto na mvua zimeanza, na mizizi hupata nafasi ya kushika ardhi kabla baridi kali haijafika.

Hali ya Kenya ni nyingine, lakini sababu ni ile ile. Adui wa mche wa huku si theluji, bali ni jua la Januari na Februari. Mche uliopandwa mwanzoni mwa Novemba, ardhi ikiwa imekwisha kulowa, hupata majuma sita au saba ya kupeleka mizizi chini. Mche uliopandwa karibu na Krismasi hupata majuma machache tu, kisha hukutana na jua ukiwa na mizizi ile ile uliyotoka nayo kitaluni.

Ni vema ikumbukwe pia kwamba mvua si sawa kila mahali. Katika Machakos, Kitui na Makueni, mvua za vuli ni za kutegemewa kuliko zile za masika, na apandaye miti huko asizikose. Huko Pwani, masika ndiyo mvua kubwa na vuli ni haba. Basi apandaye katika vuli awe na maji ya kumwagilia. Watu wa Kakamega na Kisii hupata mvua karibu mwaka mzima, na nafasi yao ni kubwa zaidi.

Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ya Kenya ilitangaza mapumziko nchi nzima ili watu wapande miti, na jambo hilo lilikuwa sehemu ya mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Siku hiyo iliangukia katikati ya mvua za vuli, nayo ilikuwa siku njema. Lakini hesabu ya miti iliyopandwa na hesabu ya miti itakayosimama baada ya miaka kumi si hesabu moja. Tofauti yake hutokana na mambo mawili: mti uliochaguliwa, na utunzaji wake.

MAFUNZO YA MIAKA ILIYOPITA

Nchi hii imekwisha kulipa gharama kubwa kwa miti iliyopandwa bila kuulizwa maswali. Mifano mitatu inatosha.

Mkalitusi uliletwa Kenya mnamo mwaka 1902 ili zipatikane kuni za gari la moshi. Asili yake ni Australia. Hukua upesi, hunyooka vizuri, na nguzo zake zina bei. Kwa ajili ya sifa hizo watu waliupanda hata kando ya mito na juu ya chemchemi, ingawa ni mti unywao maji mengi. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikalitusi iliyo kando ya mito na vyanzo vya maji iondolewe. Mti haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa mahali ulipopandwa.

Mfano wa pili ni lantana, kichaka chenye maua madogo ya rangi mbili au tatu yaliyoshikana katika kishada kimoja. Kilitoka Amerika, nacho kilipelekwa sehemu nyingi za dunia kwa ajili ya uzuri wake na kwa kufanyia ua. Ndege walikula matunda yake, wakazitawanya mbegu, na leo kimejaa katika malisho na pembezoni mwa misitu. Ng'ombe akila majani yake huugua ini, na ngozi yake huchomwa na jua. Tena vichaka vyake vikishikamana huwa maficho ya mbung'o. Kitu kilichopendwa kwa sababu ya ua lake kimekuwa adui wa mfugaji.

Mfano wa tatu ni mathenge. Mti huu wa miiba ulipandwa katika miaka ya 1970 na 1980 katika sehemu kavu kama Baringo, Turkana na Tana River, ili uzuie jangwa na kuwapa watu kuni. Ulistawi kupita matumaini ya waliouleta. Ulifunga njia na malisho, miiba yake iliwachoma watu na mifugo, na maganda yake matamu yaliharibu meno ya mbuzi, hata wakazi wa Baringo wakapeleka malalamiko yao mahakamani.

Hakuna hata mmoja katika watu wale aliyepanda kwa nia mbaya. Walitazama mche, hawakutazama mti.

MASWALI MATANO

Basi, kabla ya kutoa fedha, mwenye boma na ajiulize maswali matano.

Swali la kwanza: mti huu utafikia ukubwa gani? Mche wa mjakaranda na mche wa mwaridi huweza kuwa sawa kwa urefu ndani ya kitalu. Baada ya miaka 20 mmoja utafika kiunoni na mwingine utapita paa la ghorofa. Mti mkubwa usipandwe karibu na nyumba kupungua futi 30, wala usipandwe kabisa chini ya nyaya za umeme.

Swali la pili: mizizi yake huenda wapi? Mti wa fikasi, ambao watu wa mijini huupenda kwa majani yake yang'aayo, hutuma mizizi mbali kuyafuata maji. Mizizi hiyo hupasua mabomba, huinua saruji ya ua, na huingia chini ya msingi wa nyumba.

Swali la tatu: je, una sumu? Katika boma lenye watoto wadogo na mbuzi, swali hili ndilo la kwanza kwa uzito. Oleanda ina sumu tangu mzizi hadi ua. Ndivyo ulivyo pia ule mti mdogo uitwao thevetia, wenye majani membamba yang'aayo na maua ya manjano kama tarumbeta, ambao hupandwa sana kuwa ua. Mbegu zake hudhuru moyo, nazo zimo katika tunda dogo la kijani ambalo mtoto huweza kuliokota na kulichezea. Vile vile maua makubwa meupe yaning'iniayo kichwa chini kama tarumbeta, yanukayo vizuri usiku, yana sumu ya kuvuruga akili. Na utomvu mweupe wa mnyaa, ambao Wakikuyu huuita kariaria, ukiingia machoni huweza kumpofusha mtu.

Swali la nne: je, hujieneza wenyewe? Mti ambao miche yake huonekana ikiota ovyo katika mashamba ya watu wengine haufai kununuliwa, hata ukiwa na maua ya namna gani.

Swali la tano: je, unafaa hali ya mahali? Mjakaranda mchanga huunguzwa na jalidi ya Nyandarua na Molo. Mti wa milimani hukauka Voi. Njia bora ya kujibu swali hili ni kutembea na kutazama. Mti uliokomaa katika shule, kanisani, msikitini au katika boma la jirani hueleza mambo mengi kuliko mwuza miche. Wakazi wa Nairobi wana bahati ya kuwa na Arboretamu, bustani iliyoanzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribu miti itakayofaa nchi hii. Humo mtu huweza kuona kwa macho yake mti wa miaka mingi ulivyo, kabla hajauleta mlangoni pake.

KILA NCHI NA MTI WAKE

Katika nyanda za juu kama Kiambu, Nyeri, Murang'a na Meru, miti ya asili iliyo mizuri ni mingi, ingawa watu wameizoea hata hawaioni. Upo muringa, wenye maua meupe yapendwayo na nyuki na mbao zifaazo kwa samani. Upo murarachi, ambao hukua polepole lakini hufunikwa na maua ya rangi ya waridi hata majani hayaonekani. Upo mukinduri, wenye kivuli kipana. Na upo kibobakasi, ambao wengi huuita Nandi Flame, wenye maua mekundu kama makaa ya moto. Tarehe 8 Oktoba 2004, Profesa Wangari Maathai alipopata habari kwamba ametunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, alipiga magoti mjini Nyeri, mbele ya Mlima Kenya, akapanda mche wa mti huo. Hata hivyo apandaye kibobakasi ajue kwamba matawi yake ni laini na huvunjika kwa upepo. Usimame mbali na nyumba na mahali wachezapo watoto.

Penye baridi kali na jalidi, mwerezi wa milimani, ambao Wakikuyu huuita mutarakwa, na mutamaiyu, ambao ni mzeituni wa mwituni, huvumilia pale ambapo miti ya nchi za joto hufa.

Mji wa Nairobi umejulikana kwa mjakaranda wake, ambao kwa asili ni wa Amerika ya Kusini, na kwa bogenvilia zilizopangwa kando ya barabara kuu. Peter Greensmith, aliyekuwa msimamizi wa bustani za mji huo katika miaka ya 1950, alikuwa mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa ya kuupamba hivyo. Mjakaranda ni mti mzuri sana penye nafasi, kama vile kando ya barabara pana au katika uwanja wa shule. Katika ploti ndogo ni taabu. Huko afadhali kalistemoni, mti mdogo wa Australia wenye maua mekundu kama burashi ya kusafishia chupa. Urefu wake aghalabu hauzidi futi 20, na ndege wadogo wanywao asali ya maua huujia kila asubuhi.

Upande wa Magharibi na Nyanza, mti wa kwanza kutajwa ni ule ambao Wajaluo huuita siala na Waluhya huuita lusiola. Maua yake ni ya manjano, hufaa kwa nguzo na kwa kuni, na ukikatwa huchipua tena. Mtu mwenye eneo dogo hupata uzuri na faida katika shina moja.

Katika nchi kavu za Ukambani, upo mwamba-ngoma, uitwao muvuti kwa Kikamba, ambao huchanua mekundu wakati wa kiangazi hali matawi hayana jani hata moja. Huota kwa kipande cha tawi, bila gharama ya mche. Upo pia mukau, wenye maua meupe ya harufu nzuri na mbao ambazo mchwa hawaziwezi. Na bogenvilia, ikisha kushika mizizi, huchanua vizuri zaidi pasipo na maji mengi.

Huko Pwani, desturi ya kupanda maua ni ya zamani. Mwasumini, mkilua, mlangilangi na mhina hupandwa karibu na nyumba kwa harufu na kwa mapambo ya wanawake, na yote ni mimea isiyobomoa ukuta. Mkungu hutoa kivuli cha barazani. Ule mti wa Madagaska wenye maua mekundu, ambao wengi huuita mkrismasi, una uzuri usio kifani mwezi wa Desemba, lakini mizizi yake hutambaa juu juu na kuinua saruji. Basi upewe uwanja. Penye chumvi na upepo wa bahari, mvinje hauna mshindani. Mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda miti katika machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji huko Bamburi, penye mwamba mtupu wa matumbawe, alijaribu aina 26. Aina tatu tu ndizo zilizosimama, na mvinje ulikuwa mmoja wao. Msitu uliopo pale leo ulianza kwa mtu aliyekubali kujaribu kidogo kwanza, akaacha mahali penyewe pamchagulie.

HABARI YA UA

Watu wengi wanapotaka kupamba boma huanza na ua, na hapa ndipo makosa yanapokuwa mengi, kwa kuwa ua huhitaji miche mingi na kila mtu hutafuta ya bei nafuu. Wenye kutaka miiba ya kuzuia wanyama wana kaiyaba, ulio imara sana na wenye matunda yaliwayo, ingawa huhitaji kukatwa mara kwa mara. Wana pia mukawa wa asili, wenye maua meupe yanukayo vizuri na matunda meusi matamu ambayo kila mtoto aliyechunga mbuzi huyafahamu. Penye ukuta au seng'enge, bogenvilia hutosha. Hakuna sababu ya kuweka sumu langoni pa nyumba wakati mimea kama hii ipo.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu aliyestaafu, aliyejenga nyumba ya mawe katika ploti ya futi 50 kwa 100 nje kidogo ya mji. Maji ya kunywa ya nyumba hiyo hutoka katika paa, hupita mferejini, na huingia ndani ya tangi. Mjukuu wa miaka miwili hukaa na babu na bibi yake mchana kutwa.

Mwezi wa Oktoba mwalimu alirudi kutoka sokoni na mche mmoja wa mjakaranda na miche 30 ya ua, ambayo alikuwa amekwisha kuilipia. Akamwita mkewe aje kuona.

"Mama Wanjiru," alisema, "huu utasimama hapa mbele ya mlango. Tutakaa kivulini tukinywa chai."

Mkewe akatazama paa, kisha akatazama tangi. "Baba Wanjiru, na maji ya kunywa tutayapata wapi? Majani na maua yote hayo yataanguka katika mfereji."

Mwalimu akanyamaza. Mkewe akainama, akachukua mche mmoja wa ua, akautazama jani lake. "Na huu ni mti gani?"

"Ni ua la manjano tu. Hukua upesi, na mbuzi hawaugusi."

"Mbuzi hawaugusi kwa sababu gani?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Jioni ile walikwenda kwa jirani aliyekuwa mwuguzi, naye aliutambua mara moja kuwa ni thevetia. Aliwaeleza habari ya mbegu zake. Mwalimu aliona uchungu wa fedha zake, maana fedha za malipo ya uzeeni hazina ziada. Alisema kwamba mtoto anaweza kufundishwa kutogusa. Mkewe akamjibu kwa upole, "Mtoto wa miaka miwili hufundishwa leo, akasahau kesho. Fedha tutazipata tena."

Miche ile 30 haikupandwa. Mjakaranda haukutupwa, ulipelekwa katika shule ambayo mwalimu alifundisha zamani, ukapandwa mwisho wa uwanja wa michezo, penye nafasi ya kupanuka. Mbele ya mlango palipandwa kalistemoni mmoja, upande usio na tangi. Mpakani palipandwa mukawa, na penye ukuta wa jirani ikapandwa bogenvilia. Gharama yote ilizidi ile ya kwanza, na ua ule mpya ulikawia kukua. Lakini hakuna kitu katika boma lile ambacho mtoto hawezi kukikaribia bila kutazamwa.

KUCHAGUA MCHE NA KUUPANDA

Aina ikisha kuchaguliwa, uchaguliwe mche wenyewe. Mche mrefu si lazima uwe mche bora. Mche wa urefu wa futi moja, wenye shina nene na majani yasiyo na madoa, hushika upesi kuliko mche wa futi nne uliodumaa ndani ya mfuko. Mizizi itazamwe: ikiwa imejizungusha kama kamba chini ya mfuko, mche huo umekaa kitaluni kupita kiasi, nao uachwe. Tena mche ulioletwa kutoka kivulini usipelekwe juani siku hiyo hiyo, bali uzoeshwe kidogo kidogo.

Mashimo na yachimbwe kabla ya mvua, upana futi 2 na kina futi 2. Udongo wa juu, ulio mweusi, uwekwe upande mmoja, na ule wa chini upande mwingine. Wakati wa kupanda, udongo wa juu uchanganywe na nusu debe ya samadi iliyooza vizuri, na huo ndio utangulie kuingia shimoni. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Siku ya kupanda isiwe ile ya mvua ya kwanza. Ingojewe mpaka ardhi ilowe kiasi cha futi moja kwenda chini. Mfuko wa mche uondolewe kabisa. Wako watu wanaoupanda mche pamoja na mfuko wake, kisha hulaumu udongo. Shina lisizikwe zaidi ya pale lilipokuwa kitaluni. Udongo ushindiliwe kwa mguu, polepole, ili pasibaki tundu la hewa.

Baada ya hapo nyasi kavu zitandazwe kuzunguka mche kwa upana wa futi 3, zisiguse shina, maana zikigusa huleta uozo na mchwa. Mche uzungushiwe miti au miiba ya kuzuia mbuzi. Na mvua zikisha kwisha, mche mmoja upewe debe moja la maji kila juma hadi masika, yamwagwe yote kwa mara moja jioni, ili yazame chini. Maji kidogo ya kila siku hufundisha mizizi kukaa juu, na mizizi iliyo juu huuawa na jua la kwanza. Hata maji yaliyooshea mboga hufaa.

Asiye na nafasi ya kutunza miti kumi na apande miwili. Miti miwili iliyo hai hupamba boma kuliko mashimo kumi yenye vijiti vikavu.

MWISHO

Mambo haya si magumu, wala hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji jioni moja ya kukaa na watu wa nyumbani kabla ya mvua, na kuuliza: nyumba iko wapi, maji yako wapi, jirani yuko wapi, watoto huchezea wapi, na mti huu utakuwa umefika wapi baada ya miaka 20? Mama wa nyumba na aulizwe, kwa kuwa aghalabu ndiye atakayeumwagilia, ndiye atakayefagia majani yake, na ndiye ajuaye mtoto huokota nini anapokuwa peke yake.

Wahenga walisema, majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kivuli nacho huja baadaye, nacho ni cha mjukuu. Apandaye katika vuli hii ndiye atakayeamua ni kipi kati ya hivyo viwili atakachomwachia.